Mahameli ya Kivulini: Asili ya Anthurium crystallinum

Watu wengi wanaonunua Anthurium crystallinum hununua jani. Ua lake ni kijiti chembamba cha rangi ya kijani ambacho mtu anaweza kupita karibu nacho asikione, lakini jani ni kubwa, lenye umbo la moyo, la kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, lenye mishipa ya rangi ya fedha, na juu ya uso wake wote kuna ule ulaini unaomeza mwanga ambao tumezoea kuuita mahameli. Nimeutunza mmea huu kwa miaka kadhaa, na kadiri ninavyousoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hauwezi kueleweka, wala kutunzwa vizuri, bila kujua ulikotoka. Vibao vya vitalu vingi huandika tu kwamba ni "mmea wa kitropiki", maneno ambayo yanaweza kuhusu jangwa, ufuko, mbuga au kilele cha mlima. Mmea huu ulitoka chini ya miti mirefu, katika misitu yenye mvua nyingi ya Panama na Kolombia, na karibu kila kinachotuvutia kwake kiliumbwa na giza la mahali hapo.

Kwa ukoo, ni mmea wa familia ya Araceae, ambayo ndiyo familia ya magimbi. Jenasi yake, Anthurium, ilipewa jina mwaka 1829 na Heinrich Wilhelm Schott, mtaalamu wa mimea wa Austria, na sasa ina spishi zaidi ya 1,000 ambazo asili yake yote ni mabara ya Amerika na visiwa vya Karibi. Kolombia na Ekuador zimejaliwa spishi nyingi mno, na orodha bado haijafungwa: Thomas Croat wa bustani ya mimea ya Missouri, nchini Marekani, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza spishi mpya za familia hii, na wataalamu wengine wanaendelea kuongeza. Wengi wanaijua jenasi hii kupitia Anthurium andraeanum, yule wa maua mekundu yanayong'aa, kiasi kwamba wakionyeshwa jani la mahameli hawasadiki kuwa mimea hiyo miwili ni ndugu.

Ili kuielewa sura ya jani hilo, inafaa kwanza kuufikiria msitu wenyewe. Mfano ulio wazi wa misitu inayozaa Anthurium kwa wingi ni eneo la Chocó, magharibi mwa Kolombia, ambako hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Pasifiki hukutana na milima ya Andes na kumwaga mvua ambayo ni sehemu chache sana duniani zinazoweza kuifikia; mji wa Quibdó peke yake hupata zaidi ya milimita 7,000 kwa mwaka. Katika misitu ya namna hiyo miti hukua kwa tabaka, mirefu ikiifunika mifupi, na mwanga unaofika chini kabisa huwa ni takriban asilimia moja au mbili tu ya ule unaoangukia vilele vya miti. Tena mwanga huo umekwisha kuchujwa, kwa kuwa majani ya juu yameshachukua sehemu kubwa ya mwanga mwekundu na wa buluu, ambao ndio unaoendesha vizuri zaidi usanisinuru, na kuwaachia walio chini masalia. Mara mojamoja jua hupata upenyo kati ya matawi, miali ikatua chini kwa sekunde au dakika chache, kisha kivuli kikarudi. Vipande hivyo vifupi vya jua vinaweza kuwa sehemu kubwa ya nishati yote ambayo mmea wa chini ya msitu hupata kwa siku nzima.

Hapo ndipo mahameli inapoanza kuwa na maana. Ukichukua jani lililokomaa, ukalitazama kwa kioo cha kukuzia huku mwanga ukilipiga kutoka ubavuni, hutaona nywele. Utaona vimetameta vidogo visivyohesabika, vimepangana bega kwa bega juu ya uso wote, na ukiligeuza jani kidogo, vimetameta hivyo huzimika upande mmoja na kuwaka upande mwingine. Kila kimoja ni seli ya tabaka la nje la jani. Katika jani la kawaida linalong'aa seli hizo huwa bapa, na mwanga huakisiwa kama juu ya maji yaliyotulia. Katika jani la mahameli kila seli imetuna kwa juu na kufanya koni fupi yenye ncha butu. Mwanga unaokuja kwa mshazari, ambao kwenye uso bapa ungeteleza na kwenda zake, hapa hukutana na ubavu wa seli na kuingia ndani, na hata ule unaoakisiwa hupata nafasi ya pili ya kuugonga ubavu wa seli jirani. Weusi tunaouona ni mwanga ambao haukurudi.

Wazo kwamba seli hizo zinafanya kazi kama lenzi si geni. Gottlieb Haberlandt, mwanasayansi wa Austria, aliliandikia kwa kirefu mwaka 1905, akidai kwamba seli zilizotuna huukusanya mwanga mahali pamoja na hivyo kuliwezesha jani kuhisi upande mwanga unakotoka. Alitambua pia kwamba uso wa jani ukilowa maji, lenzi hizo hupoteza nguvu, kwa sababu maji hupinda mwanga karibu sawa na yanavyoupinda yale yaliyomo ndani ya seli, na mpaka kati ya viwili hivyo hufifia. Miaka themanini baadaye, mwaka 1985, Richard Bone, David Lee na John Norman walichapisha vipimo vya majani ya mimea ya chini ya misitu ya kitropiki, wakaonyesha kwamba seli za namna hii huukusanya mwanga wa moja kwa moja kwa nguvu. Swali ambalo wataalamu bado wanalijadili ni faida yake katika mwanga uliotawanyika, ambao huja kutoka kila upande na kwa hiyo haukusanyiki mahali pamoja. Mimi huvutwa zaidi na maelezo ya kwamba kazi kuu ni kupunguza mwanga unaopotea kwa kuakisiwa, kwa sababu hayo yanafaa katika kivuli na katika kipande cha jua kwa pamoja, na pia kwa sababu ndiyo yanayoonekana kwa macho: mmea huu ukiwa kando ya wenzake wenye majani yanayong'aa, wao hurudisha taswira ya dirisha, nao haurudishi chochote.

Inafaa kutofautisha mahameli hii na ile ya nywele. Gynura aurantiaca, mmea wa Asia ya Kusini-Mashariki unaouzwa sana kwa ajili ya majani yake ya zambarau, ni laini kwa sababu umefunikwa na vinyweleo halisi, na rangi yake ya zambarau imo ndani ya vinyweleo hivyo. Kwa mkono huhisi ulaini katika yote miwili, lakini ni miundo tofauti yenye historia tofauti. Kwa upande mwingine, mahameli ya seli zilizotuna imejitokeza katika familia zisizo na undugu wa karibu: utaikuta kwa Goeppertia zebrina wa misitu ya Brazili, kwa begonia kadhaa za Asia, na, ndani ya familia hii hii ya magimbi, kwa Philodendron gloriosum wa Kolombia na Alocasia reginula wa Borneo, ambaye anaishi upande wa pili wa dunia. Mimea hii haikurithi mahameli kutoka kwa babu mmoja. Kila mmoja aliipata kwake, kwa kuishi katika kivuli kinachofanana. Kwangu huo ndio ushahidi wenye uzito kuliko wote kwamba uzuri huu ni kifaa cha kazi.

Jinsi mmea huu ulivyotoka msituni na kuingia katika nyumba za watu ni habari ya karne ya 19, na inaanza na sanduku. Safari ndefu baharini zilikuwa zikiua mimea mingi kwa chumvi, upepo na kiu, mpaka Nathaniel Bagshaw Ward, daktari wa London, alipogundua mnamo mwaka 1829 kwamba mmea uliofungiwa ndani ya chupa ya kioo huweza kuishi muda mrefu kwa unyevu wake wenyewe. Mwaka 1833 masanduku yake ya vioo yalipelekwa hadi Sydney, mimea ikafika ikiwa hai, na kuanzia hapo biashara ya mimea ya mbali ikabadilika kabisa. Mmea wa chini ya msitu ulinufaika kuliko mingine, kwa kuwa hewa yenye unyevu ndani ya sanduku lililofungwa ilikaribia ile ya kwao.

Aliyeifaidi biashara hiyo kwa upande wa Kolombia alikuwa Jean Linden, mzaliwa wa Luxembourg, ambaye mwaka 1835, akiwa kijana asiyetimiza miaka ishirini, alisafiri kwenda Brazili kwa niaba ya serikali ya Ubelgiji, na mwanzoni mwa miaka ya 1840 akazunguka Venezuela na Kolombia akikusanya mimea. Aliporudi alianzisha vitalu, baadaye Brussels na Ghent, na badala ya kusafiri mwenyewe akawa anawalipa wakusanyaji. Mmoja wao alikuwa Gustav Wallis, Mjerumani, aliyepita katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini na kufia Cuenca, Ekuador, mwaka 1878. Jina la Anthurium crystallinum lilitolewa na Linden pamoja na Édouard André, mtaalamu wa bustani wa Ufaransa, mwaka 1873, katika jarida la L'Illustration horticole lililokuwa likichapishwa Ghent. Mwaka huohuo wawili hao walimpa jina Philodendron melanochrysum, mmea mwingine wa Kolombia wenye mahameli nyeusi. André mwenyewe alikwenda Kolombia katikati ya miaka ya 1870, na huko ndiko alikoukuta ule wa maua mekundu ambao sasa una jina lake, andraeanum.

Nikiisoma historia hiyo huona mambo mawili yanayonigusa. La kwanza ni kwamba nyumba za vioo za Ulaya zilizoipokea mimea hii zilipashwa joto kwa makaa ya mawe, na waliozimudu walikuwa mara nyingi matajiri wa viwanda na migodi. Anthurium warocqueanum, mwenye jani refu la mahameli linaloning'inia, ana jina la familia ya Warocqué, iliyotajirika kwa migodi ya makaa ya mawe nchini Ubelgiji. La pili ni kimya juu ya watu wa misitu yenyewe. Hakuna mkusanyaji wa Ulaya aliyeweza kuingia kwenye mabonde yale bila waongozaji, wabebaji na waendesha nyumbu, na bila wenyeji waliojua mmea upi huota kwenye mwamba upi. Majina ya wateja na wakuu wa vitalu yamo katika majina ya kisayansi hadi leo, ilhali ya wale walionyoosha kidole na kusema "uko pale" hayamo. Kwa sababu hiyo naona ni haki ndogo sana tunayoweza kuitenda kuitaja nchi na msitu kila tunapoutaja mmea.

Asili hiyo ndiyo pia inayoamua utunzaji, kuanzia kwenye mizizi. Porini Anthurium crystallinum huota juu ya tandiko la majani yaliyooza au huegemea magogo na mashina, na mizizi yake ni minene, imevikwa tabaka la seli laini linalonyonya maji upesi na kisha kutaka hewa. Udongo mzito wa bustani ukijazwa ndani ya chungu huifungia hewa mizizi hiyo, ikaoza, na mwenye mmea huona majani yakigeuka manjano akadhani yana kiu na kuongeza maji. Mchanganyiko unaofaa ni wa vipande vikubwa: maganda ya miti, makumbi ya nazi yaliyokatwa, mkaa uliovunjwavunjwa, perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano uliopashwa joto), na kuvumwani kidogo ya kushikilia unyevu. Maji yanapomiminwa yapite na kutoka chini ya chungu mara moja, na yamwagwe tena pale tabaka la juu linapoanza kukauka, kabla chungu chote hakijakauka. Shina likirefuka na kuacha mizizi ikining'inia hewani, huizungushia kuvumwani yenye unyevu ili isikauke, na mmea hupata nguvu mpya.

Kuhusu mwanga, kosa ni kudhani kwamba mmea wa kivulini unataka giza la chumba. Asilimia moja au mbili ya jua kali la ikweta, pamoja na vile vipande vya jua vinavyopita, ni zaidi ya kile kinachofika kwenye kona ya ndani ya nyumba, na jani linalokua gizani hurefusha kikonyo na kupungua ukubwa. Mahali pazuri ni karibu na dirisha lenye mwanga mwingi ambapo jua la moja kwa moja haliligusi jani, au ligusapo liwe la asubuhi tu. Joto la nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi linaufaa, na likishuka chini ya 15 kwa muda mrefu mmea husimama. Unyevunyevu wa hewa ndio unaowashinda wengi: chini ya asilimia 50 majani mapya hufunguka yakiwa na kingo zilizokauka au mikunjo, na utitiri hupata mwanya. Juu ya asilimia 60 mmea hukaa sawa, na ukipata 70 au zaidi, pamoja na hewa inayotembea, huonyesha ukubwa wake halisi, ambapo jani moja laweza kupita sentimita 40.

Jani jipya linastahili kungojewa. Hutoka ndani ya ala nyembamba inayokauka na kuwa kama karatasi, likiwa limejiviringa, kisha hufunguka likining'inia, laini mno, la rangi ya shaba yenye wekundu ambayo haifanani kabisa na majani ya zamani. Kwa siku kadhaa hupanuka, wekundu ukififia kuanzia karibu na mishipa, kijani kikijaa, na mahameli ikizidi kuonekana kadiri tishu zinavyokomaa. Katika kipindi hicho lisiguswe wala lisigeuzwe. Jeraha dogo la ukucha, ambalo siku ile halionekani, hupanuka pamoja na jani na kubaki pale mpaka jani lenyewe life. Wala jani lililokomaa lisipakwe mafuta ya kung'arisha majani, kwani mafuta hujaza nafasi kati ya seli zile zilizotuna na kuua kabisa ule uwezo wa kuumeza mwanga. Vumbi liondolewe kwa brashi laini iliyokauka, au kwa maji yasiyo na chokaa, kwa sababu maji magumu huacha madoa meupe ambayo juu ya mahameli hayafichiki. Wenye watoto wadogo au paka waukalishe mbali, maana tishu zake zina fuwele za kalisi oksaleti zinazochoma mdomo na koo zikitafunwa.

Limebaki suala la utambulisho, ambalo kwa maoni yangu wauzaji wanalichukulia kwa wepesi kupita kiasi. Anthurium magnificum, pia wa Kolombia, hufanana na crystallinum hadi kuwachanganya wazoefu, na mimea mingi iliyoko sokoni ni machotara ya hao wawili. Njia nzuri ya kuanzia ni kushika kikonyo cha jani: cha crystallinum huwa mviringo, na cha magnificum huwa na pembe nne zenye kingo zilizochomoza, ambazo kidole huzihisi hata macho yakiwa yamefumbwa. Anthurium clarinervium, ambaye naye huuzwa kwa jina la crystallinum, ni wa mbali zaidi. Asili yake ni miamba ya chokaa ya Chiapas, Meksiko, jani lake ni nene na gumu kama ngozi, na mizizi yake inavumilia ukavu kuliko ya mwenzake wa Kolombia. Mtu akipewa clarinervium kwa jina la crystallinum, ataunywesha maji ya msitu mmea wa mwamba.

Machotara hayo si jambo la ajabu, kwa kuwa maua ya Anthurium yanayatafuta. Kile kijiti tunachokiita ua kimebeba maua madogo mengi, na kila ua dogo huwa tayari kupokea chavua kwanza, na hutoa chavua yake baada ya siku kadhaa, wakati ambapo sehemu ya kike imeshakauka, hivyo mmea mmoja mara chache hujichavusha wenyewe. Anayetaka mbegu safi za spishi anahitaji mimea miwili yenye maua yaliyopishana kwa muda, au chavua iliyohifadhiwa mahali pa baridi, na brashi ndogo ya kuihamisha. Matunda huchukua miezi mingi kuiva, na mbegu zipandwe mara tu zinapotolewa kwenye nyama ya tunda, kwani zikikauka hufa. Miche inayopatikana, kama itauzwa au kugawiwa, iandikwe majina ya wazazi wote wawili na mahali walikotoka kama panajulikana. Na pale ambapo mzazi mmoja ana shaka, kibao kiseme hivyo waziwazi, badala ya kuuandika mmea crystallinum kwa sababu jina hilo linauzika.